Córdoba, Granada au Toledo: msikiti, kasri au sinagogi?

Mwenye siku moja tu aende Córdoba. Aliyekwisha kupata tiketi ya kasri la Alhambra yenye jina lake aende Granada. Anayefuata hasa athari za Wayahudi asihangaike kushuka kusini: afikie Madrid, apande treni ya Toledo, na jioni atakuwa amerudi. Hayo ndiyo majibu ya haraka. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na mitego inayomfanya mtu avuke bahari akaishia kupiga picha za ukuta kwa nje.

Vitabu vya watalii huiweka miji hii mitatu ya Hispania kapu moja, "Andalusi ya dini tatu" (Andalusi ni Hispania ya zama za utawala wa Kiislamu), na msomaji akadhani kila mji utampa kila kitu. Sivyo. Kilichosalia hakikusalia kwa usawa. Córdoba imebaki na msikiti, Granada imebaki na kasri, Toledo imebaki na masinagogi. Vingine utavikuta kwa vipande tu.

Tarehe nne zinaeleza mengi ya utakayoyaona. Toledo ilitwaliwa na wafalme Wakristo mwaka 1085, Córdoba 1236, Sevilla 1248, na Granada tarehe 2 Januari 1492. Sasa angalia masinagogi: lile dogo la Córdoba ni la mwaka 1315, na yale mawili ya Toledo yalijengwa baada ya mji kuwa tayari mikononi mwa Wakristo. Maana yake, anayetafuta sinagogi la zama za utawala wa Kiislamu hatalipata katika mji wowote kati ya hii. Atakalolipata ni sinagogi lililojengwa chini ya mfalme Mkristo, kwa plasta na matao ya mafundi wa mtindo wa Kiislamu. Ukilijua hilo kabla ya kuondoka, utaangalia kuta kwa jicho jingine.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Tiketi itaandika 10:30. Sisi tunasema saa nne na nusu asubuhi. Hesabu mara mbili, hasa kwa Alhambra.

Córdoba

Msikiti Mkuu wa Córdoba, ambao leo ni kanisa kuu la Kikatoliki na wenyeji huuita Mezquita, ulianzwa na Abd al-Rahman wa Kwanza miaka ya 780. Uliongezwa mara tatu: na Abd al-Rahman wa Pili katika karne ya 9, na al-Hakam wa Pili kuanzia miaka ya 960, na mwisho na waziri al-Mansur mwaka 987 na kuendelea. Nguzo zilizobaki zinazidi 850. Wengi huingia, wakashangaa msitu wa nguzo, wakapiga picha, wakatoka. Ukiwa na saa moja na nusu unaweza kuusoma msikiti huu kama daftari la ujenzi, awamu baada ya awamu.

Anzia kona ya kaskazini magharibi, kwenye sehemu ya kwanza kabisa. Tazama chini: nguzo hazifanani. Nyingine zina kitako, nyingine zimezama sakafuni bila kitako, vichwa vyake ni vya Kirumi hapa na pale ni vya Kivisigothi, yaani vya watawala wa Hispania kabla ya Waislamu. Ziliokotwa kwenye majengo ya zamani, kila moja ina kimo chake, na zote ni fupi mno kubeba paa la ukumbi mkubwa hivyo. Ndiyo maana matao yapo mawili, moja juu ya jingine: la chini lina umbo la kwato ya farasi na linazikaza nguzo zisiyumbe, la juu linabeba paa. Michirizi myekundu na myeupe ni matofali na mawe yaliyopangwa kwa zamu.

Halafu nenda upande wa mashariki, sehemu ya al-Mansur, na uinue macho kwenye michirizi ile ile. Hapa si matofali tena. Tao lote ni jiwe, na wekundu umepakwa rangi. Kazi ilikuwa ya haraka na kubwa, na njia ya mkato inaonekana hadi leo kwa anayejua pa kuangalia. Kwenye nguzo za sehemu hii mafundi wamechonga majina yao kwa Kiarabu. Kwa kuwa upanuzi ulikwenda ubavuni, upande mmoja tu, mihrabu ikaacha kuwa katikati ya ukuta wa kibla.

Mihrabu yenyewe ni ya al-Hakam. Si kijishubaka ukutani kama tulivyozoea, ni chumba kidogo chenye kuta nyingi, na kuba lake la ndani limechongwa kama kombe la baharini. Vipande vya kioo vya rangi na dhahabu vilivyoizunguka vililetwa kutoka Konstantinopoli pamoja na fundi wake. Ukitoa simu ukafungua dira ya kibla, usishtuke: mihrabu inaelekea kusini zaidi kuliko Makka, kwa tofauti ya nyuzi 50 hivi. Si kosa la simu. Misikiti kadhaa ya kale ya Magharibi imeelekezwa hivyo.

Katikati ya yote hayo limesimamishwa kanisa refu lililoanzwa mwaka 1523. Linachukiza wengine na linapendeza wengine, lakini usilipite kwa hasira: ni kwa sababu jengo liliendelea kutumika kama kanisa ndiyo maana lilipata watunzaji kwa karne zote hizo. Misikiti mingine ya mji haikupata bahati hiyo.

Tiketi ni kama euro 13. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi huwa kuna saa moja ya bure, saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, kwa watu binafsi wasio na kikundi cha kuongozwa. Ni saa bora hata kwa mwenye pesa: ukumbi umetulia na mwanga unaingia kwa ubavu. Ubaya wake ni kwamba walinzi huanza kuwasogeza watu mlangoni kabla saa haijaisha, kwa sababu ibada ya misa inafuata. Ukitaka kusoma awamu zote kwa utulivu, lipa uingie baadaye. Jumapili hufungwa kwa watalii katikati ya siku, saa tano na nusu hadi saa tisa alasiri, na wanaofika saa sita wakiwa na masaa mawili tu mjini hubaki kwenye ua wa michungwa. Ua huo ni bure.

Sinagogi liko dakika chache kwa miguu, mtaa wa Calle Judíos. Ni chumba kimoja, kiasi cha mita 7 kwa 6 na kitu, na ziara haizidi dakika ishirini. Maandishi ya Kiebrania ukutani yanataja jina la Isaac Moheb na mwaka, unaolingana na 1315. Juu ya mlango kuna ghorofa ya wanawake. Baada ya Wayahudi kufukuzwa mwaka 1492 jengo lilifanywa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, kisha mwaka 1588 likawa kanisa dogo la chama cha mafundi viatu. Plasta ya asili ilifunikwa na chokaa ikasahauliwa hadi 1884. Mahali pengine chokaa imeharibu. Hapa ndiyo iliyohifadhi. Jumatatu limefungwa. Karibu yake, kwenye kiwanja cha Tiberíades, kuna sanamu ya Musa bin Maimun, tabibu na mwanafikra wa Kiyahudi aliyezaliwa mjini hapa, na ncha ya kiatu chake imeng'aa kwa kushikwashikwa na wapita njia.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hukiacha, na wanakosea: Madinat al-Zahra, mji wa kifalme wa khalifa Abd al-Rahman wa Tatu, kilomita 8 hivi magharibi mwa Córdoba. Ulianza kujengwa mwaka 936, na haukufikisha miaka mia: ulisambaratishwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwanzoni mwa karne ya 11. Kilichofukuliwa ni sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi. Utaratibu ni huu: unafikia kwanza kwenye makumbusho chini bondeni, unakata tiketi huko, unatazama vitu na filamu, kisha basi dogo la kulipia linakupandisha kwenye magofu. Anayepitiliza makumbusho huona mawe tu, kwa sababu magofu yenyewe hayana maelezo ya kutosha. Hakuna kivuli. Julai na Agosti joto la Córdoba huvuka nyuzi 40, basi ama uende asubuhi mapema ama uache. Jumatatu pamefungwa.

Granada

Granada ndiyo inayovunja watu moyo kuliko zote, na kosa si la mji, ni la tiketi.

Alhambra si jengo moja. Ni mlima wenye sehemu tatu zinazokaguliwa tiketi: ngome ya Alcazaba, Makasri ya Banu Nasr (ukoo wa mwisho wa wafalme Waislamu wa Granada), na Generalife, ambayo ni bustani na kasri la mapumziko. Kila moja unaingia mara moja tu. Kwa Makasri ya Banu Nasr, tiketi imeandikwa saa yake, na ukikosa saa hiyo umekosa kasri lote. Tiketi ni ya jina na namba ya pasipoti. Bei ya tiketi kamili ni kama euro 20, na huisha wiki kadhaa kabla, nyakati za Pasaka na majira ya joto hata mapema zaidi.

Hapa ndipo mitego ilipo, kwa mpangilio wa wanaonaswa:

Kwanza, kukata tiketi ya "Bustani, Generalife na Alcazaba" kwa kudhani ni ya kila kitu. Ni rahisi zaidi na hupatikana hata siku mbili kabla, na sababu yake ni moja: makasri hayamo. Mtu hufika kwenye jumba la Carlos wa Tano, mfalme Mkristo aliyejenga humo baadaye, akaona foleni ya makasri hatua chache kutoka kwake, akarudishwa.

Pili, umbali. Kutoka lango kuu la juu, karibu na Generalife, hadi mlango wa makasri ni mwendo wa dakika 15 hadi 20. Anayeanza kuzungukazunguka bustanini huku saa yake ikikaribia hufika akihema, na wakati mwingine hufika akiwa amechelewa. Kanuni ni rahisi. Ukiwa na saa ya asubuhi, ingia kwa mlango wa chini uitwao Puerta de la Justicia, ambao mfalme Yusuf wa Kwanza aliujenga mwaka 1348: uko karibu na makasri. Ona makasri, kisha Alcazaba iliyo jirani, kisha jumba la Carlos wa Tano, ndipo upande taratibu hadi Generalife na kutokea juu. Ukiwa na saa ya alasiri, geuza: anza Generalife, shuka.

Tatu, namba ya pasipoti. Aliyekata tiketi kwa pasipoti ya zamani kisha akapata mpya, abebe zote mbili. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, si kama unavyoitwa nyumbani.

Nne, begi kubwa la mgongoni. Yaliyozidi kipimo cha sentimita 40 kwa 40 hayaingii makasrini, na madogo utaambiwa uyavae kifuani. Sababu ni plasta: bega la mtu mmoja likigusa ukuta si kitu, yakigusa maelfu kwa siku nakshi zinafutika.

Tiketi za mchana zikiwa zimekwisha, jaribu ziara ya usiku, au kadi ya mji ya Granada Card, ambayo ina fungu lake la nafasi. Ziara ya usiku ina utulivu, ila dari hazionekani vizuri, na dari ndizo nusu ya kasri. Yote yakishindikana, badala ya kukesha ukitafuta tiketi kwa walanguzi, hamishia siku hiyo Córdoba.

Ndani ya makasri, tenga angalau saa moja na nusu. Hakuna anayekutoa, ila njia ni ya kwenda mbele tu, hairudi. Ukumbi wa Mabalozi, katika kasri la Comares, una dari la vipande zaidi ya 8,000 vya mbao lililopangwa kama mbingu saba. Baada yake unaingia Ua wa Simba wa mfalme Muhammad wa Tano, wenye nguzo 124. Simama karibu na nguzo moja uangalie mahali fimbo ya nguzo inapokutana na kichwa chake: utaona mstari mweusi mwembamba. Ni bamba la madini ya risasi. Granada ni nchi ya matetemeko. Risasi ni laini, inaipa nguzo nafasi ya kusogea kidogo bila kupasuka. Kwenye Ukumbi wa Dada Wawili, kuba limeundwa kwa vipande zaidi ya 5,000 vya plasta ya jasi, vinavyoning'inia kama masega ya nyuki.

Aliyesoma chuoni na anaijua herufi ya Kiarabu ana faida kubwa kuliko mtalii wa kawaida. Kauli ya watawala wale, *wa la ghaliba illa Llah*, hapana mshindi ila Mungu, imerudiwa ukutani mara zisizohesabika, kwa hati ya Kikufi na ya kawaida. Ukishaikamata macho mara moja, utaitofautisha na beti za mashairi ya Ibn Zamrak, kama zile zilizozungushwa kwenye ukingo wa birika la simba. Waongozaji wengine watakwambia simba hao 12 walitoka katika nyumba ya waziri Myahudi wa karne ya 11. Hadithi hiyo imejengwa juu ya shairi la mshairi Myahudi Ibn Gabirol linalotaja birika lenye simba. Wanaoshughulika na mawe yenyewe wengi huyaweka karne ya 14.

Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya ziada ya kupapenda hapa. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada mnamo 1350, na huko akakutana na kijana Ibn Juzayy. Ni Ibn Juzayy huyo aliyekuja kuandika simulizi ya safari za Ibn Battuta kule Fes, Moroko. Maelezo ya Kilwa tunayoyasoma leo yalipita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Na Husuni Kubwa, kasri la Kilwa lenye birika la pembe nane, ni la karne ile ile ya 14. Ibn Battuta alipokuja Granada, Ua wa Simba ulikuwa bado haujajengwa.

Makumbusho ya Alhambra yamo ndani ya jumba la Carlos wa Tano, ghorofa ya chini, na hayalipiwi; humo mna gudulia maarufu lenye picha za wanyama aina ya swala na vitu vingine vilivyotoka katika makasri yenyewe. Jumatatu hufungwa. Mjini chini, yaliyobaki huonwa kwa nusu siku: hamamu ya El Bañuelo, Corral del Carbón iliyokuwa nyumba ya kulala wafanyabiashara, na chumba cha ibada cha madrasa ya mwaka 1349.

Kwa turathi za Wayahudi, Granada ni jina kubwa lenye mabaki machache. Samuel ibn Naghrilla alikuwa waziri na kamanda hapa katika karne ya 11. Mwanawe aliuawa mwaka 1066 pamoja na Wayahudi wengi wa mji. Amri ya kuwafukuza Wayahudi wote wa Hispania ilitiwa saini hapa hapa, tarehe 31 Machi 1492. Lakini ukienda mtaa wa Realejo kutafuta sinagogi utaikuta sanamu ya mfasiri Yehuda ibn Tibon, vichochoro vizuri, na kijumba cha makumbusho cha watu binafsi. Usipange siku kwa ajili hiyo.

Toledo

Toledo haina haja ya kukata tiketi wiki kabla, na iko dakika 33 hivi kwa treni kutoka stesheni ya Atocha, Madrid. Acha mzigo Atocha: barabara za Toledo ni mawe na milima, na sanduku la magurudumu ni adhabu.

Panda kwa ngazi za umeme zilizo karibu na lango la Bisagra, uanze na msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, unaoitwa sasa Cristo de la Luz. Ni mraba wa mita 8 hivi wenye makuba tisa, kila kuba na nakshi yake tofauti. Usiingie kabla ya kusoma ukuta wa nje: tarehe imeandikwa kwa matofali yenyewe, Muharram mwaka 390, yaani mwishoni mwa 999, pamoja na jina la Ahmad bin Hadidi aliyeugharimia na la mjenzi, Musa bin Ali.

Kutoka hapo vuka mji kwenda magharibi hadi mtaa wa Wayahudi. Utajua umefika ukianza kuona vigae vidogo vya buluu na nyeupe vilivyopachikwa kwenye mawe ya barabara, vyenye herufi za Kiebrania na kinara cha mishumaa saba.

Sinagogi la Tránsito lilijengwa mnamo 1357 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro wa Kwanza. Kwa nje ni ukuta wa matofali usiosema kitu. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu wa kimo cha ghorofa kadhaa, dari la mbao, na mkanda wa plasta juu ya ukuta wenye zaburi kwa Kiebrania. Katikati ya majani na nakshi mna maneno ya Kiarabu, na pembeni nembo za ufalme wa Castilla na León. Lugha na dola zote zimekaa kwenye ukuta mmoja. Samuel mwenyewe hakufaidi sana: miaka michache baadaye mfalme yule yule alimkamata, akafia mateso. Utazame taratibu ukuta wa mashariki, ndio wenye kazi nzito, kisha panda ghorofa ya wanawake.

Jengo hili ndilo Museo Sefardí, makumbusho ya taifa ya Wayahudi wa Hispania, na katika miji yote mitatu hakuna yanayolingana nayo kwa mada hii. Mna mawe ya makaburi, vyombo vya ibada, na birika dogo kutoka Tarragona lenye maandishi ya lugha tatu: Kiebrania, Kilatini na Kigiriki. Tiketi ni euro 3. Jumamosi kuanzia saa nane mchana na Jumapili ni bure. Jumapili hufungwa saa tisa alasiri, Jumatatu siku nzima.

Santa María la Blanca iko dakika chache kutoka hapo, kama euro 4. Ukitoka Córdoba utadhani umerudi msikitini: matao ya kwato ya farasi, meupe pepepe, juu ya safu nne za nguzo za pembe nane. Lakini lilijengwa kama sinagogi, na likageuzwa kanisa mwanzoni mwa karne ya 15. Angalia vichwa vya nguzo, matunda ya msonobari yamechongwa kwenye plasta. Ni jengo la kuonwa dakika thelathini, na baada ya Tránsito, si kabla. Tránsito ina maelezo, hili halina.

Yaliyo bega kwa bega

| | Córdoba | Granada | Toledo |
|---|---|---|---|
| Nguvu yake | msikiti | kasri | masinagogi |
| Tiketi mapema | siku chache | wiki kadhaa | si lazima |
| Muda wa chini | siku moja, mbili pamoja na Madinat al-Zahra | siku moja na nusu | saa sita |
| Jumatatu | Mezquita wazi, mengine yamefungwa | Alhambra wazi | Tránsito imefungwa |

Ukiwa na Jumatatu moja katika ratiba, iweke Granada.

Na Sevilla? Ina kasri la Alcázar, ambalo sehemu yake nzuri zaidi ni ya Pedro yule yule wa Toledo, ya mwaka 1364, lenye ile ile kauli ya "hapana mshindi ila Mungu" kwenye uso wa kasri la mfalme Mkristo. Ina mnara wa Giralda wa Muwahhidun, watawala Waislamu waliotoka Moroko, unaopandwa kwa mteremko 35 badala ya ngazi. Aliyekosa Alhambra apate hapo faraja. Masinagogi yake yametoweka.

Kuswali, kofia na chakula

Mezquita ya Córdoba hairuhusiwi kuswaliwa na Waislamu. Walinzi wanaangalia, na anayenyanyua mikono ya takbira ataombwa aache, mara nyingine atolewe. Kwa kuwa ni kanisa, wanaume hutakiwa kuvua kofia, na mlinzi hatofautishi kofia ya kiua na ya jua. Hijabu haina tatizo. Kwa mwenye kutaka kuswali Córdoba, upo msikiti mdogo katika bustani za Colón. Granada imepiga hatua zaidi: Msikiti Mkuu wa Albaicín, uliofunguliwa 2003, uko kando ya kiwanja cha San Nicolás, na bustani yake inatazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Watu hubanana kiwanjani kugombea picha, na mlango wa bustani uko hatua chache.

Mla halali au kosha (chakula kinachoruhusiwa kwa Wayahudi) asitegemee jina la chakula. Salmorejo, supu nzito ya nyanya ya Córdoba, inaonekana salama lakini hunyunyiziwa vipande vya nyama ya nguruwe. Sema *sin jamón*, bila nyama ya nguruwe. Kunde na mboga hupikwa nayo pia. Biskuti za polvorones huwa na mafuta ya nguruwe, yaitwayo *manteca*. Marzipani ya Toledo ni lozi na sukari. Migahawa ya Wamoroko iko tele Granada, vichochoro vya Calderería.

Viza na njia

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen: euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na ombi lipelekwe kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Hapa pana mvutano na Alhambra, kwa kuwa tiketi huisha wakati viza bado haijajibiwa. Omba viza mapema kadiri kanuni inavyoruhusu, kata tiketi ya Alhambra ikitoka, ndipo upange Córdoba na Toledo kuizunguka tarehe hiyo. Kinyume chake hakifanyi kazi. Na kama unataka kuvuka kwenda Moroko kuona Fes kisha urudi, viza ya kuingia mara moja itakufungia ng'ambo; omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na uieleze safari hiyo kwenye fomu.

Hakuna treni ya moja kwa moja kutoka Toledo hadi Córdoba. Unarudi Atocha, kisha treni ya kasi inakufikisha Córdoba kwa muda wa saa moja na dakika 45 hivi. Córdoba hadi Granada ni kama saa moja na nusu. Kwa siku tano: siku ya kwanza Toledo ukitokea Madrid, ya pili na ya tatu Córdoba, ya nne na ya tano Granada, na saa yako ya makasri iwe asubuhi ya siku ya tano, si alasiri ya siku ya nne. Treni ikichelewa siku ile ya nne, tiketi haikungoji.